Sauti ya Juu ya Mjomba

Mjomba wangu alipofanyiwa operesheni ya koo, neno la kwanza aliloniuliza nilipokwenda kumtazama hospitali ni kama nimeifunika mashine ya karaoke isiingie vumbi. Aliuliza kwa kunong'ona. Nikadhani daktari kamkataza kusema kwa nguvu. Kumbe ile ndiyo sauti iliyobaki. Katika kutoa tezi, mshipa mmoja unaoendesha sauti ulilala, na daktari alikuwa kashamwambia mapema kwamba hilo huweza kutokea. Huenda ukaamka, huenda usiamke. Baada ya miezi ilirudi nusu. Ya kuzungumzia aliipata, nzito, yenye mikwaruzo. Ya kuimbia haikurudi. Akijaribu kupanda kidogo tu, inakatika, na unasikia hewa peke yake.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Mjomba alikuwa keshastaafu, hana mkutano wa kuhutubia wala wanafunzi wa kusomesha. Lakini yeye alikuwa na nyimbo zake za Kijapani.

Niseme kwanza alizipataje. Mjomba ni ndugu wa mama yangu, tumbo moja. Wengine katika familia walibaki Unguja, yeye alikuja Maskati kijana, akapata kazi serikalini, na serikali ikampeleka Japani kujifunza kazi ya kuyageuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa. Huko alikaa chumba kimoja na kijana wa Kijapani aliyekuwa akisoma naye. Mwisho wa wiki wanafunzi walikuwa wakikodi vyumba vidogo vya kuimbia, wanaimba na kunywa. Mjomba hanywi, kwa hiyo hakuwa na la kufanya ila kuimba. Aliporudi, alirudi na cheti na nyimbo. Cheti kilimpa kazi mpaka akazeeka. Nyimbo zilimpa Ijumaa.

Kila Ijumaa baada ya Alasiri, katika nyumba yake ya Khuwair ya Kusini, majlisi, chumba cha kupokelea wageni, ilikuwa inajaa wazee wenziwe. Kahawa, halwa, tende, kisha mashine inawashwa. Aliyekuwa hakosi ni mzee jirani, mstaafu wa forodha, mtu mnene mwenye kicheko cha kutikisa matakia. Alikuwa hajui Kijapani hata neno moja, lakini haya pia alikuwa hajui. Alizishika nyimbo kwa kumsikiliza mjomba tu, na akiimba, anaimba kama mwenye nchi.

Mimi nilikuja kukaa hapo baada ya miaka ya kukaa bure Unguja. Niliishia darasa la saba, na mama alipochoka kuniona barazani alimpigia nduguye simu. Mjomba alinitafutia kazi ya kusafisha na kutengeneza viyoyozi. Ukiisikia hivyo unadhani ni kazi ya baridi. Kazi yenyewe iko juu ya mapaa, kwenye jua, katikati ya matangi ya maji, na mashine zinakupulizia joto la watu wa ndani usoni. Nilikuwa nikirudi jioni vumbi limeingia mpaka masikioni. Siku za Ijumaa nilikuwa nakaa karibu na mlango wa majlisi, nusu nasikiliza, nusu nimelala.

Nyimbo walizozipenda hazikuwa za kila mtu. Mjomba alikuwa akizigawa mwenyewe. Kuna zinazopanda, alisema: zinaanza kama mtu anayezungumza na jirani yake, na ukifika kwenye kiitikio zinakutaka uwe juu ya paa bila ya kukupa ngazi. Kuna zinazokimbia, maneno yanamiminika kama mtama kwenye ungo, ukikosa moja umekosa yote. Kuna zinazokutaka uvunje sauti katikati ya neno, utoke sauti ya kifua uende ile nyembamba ya kichwani, na urudi pasi na mtu kujua ulitoka. Na kuna zile kongwe, za polepole, za bandari na theluji, ambazo mwanamme mzima anatakiwa asimame alie mbele za watu kwa madaha. Hizo ndizo alizosema ni ngumu kuliko zote, kwa sababu koo peke yake halitoshi.

"Zinataka mtu anayejiamini," alikuwa akisema. "Ukiwa na shaka, shaka inasikika kabla ya sauti."

Tena nyimbo za wanaume wa Kijapani ziko juu mno, sijui kwa nini. Mashine ina kitufe cha kushusha: ukikibonyeza, muziki mzima unashuka daraja moja, na wewe unapata nafuu. Wajapani wenyewe, mjomba alisema, hukibonyeza bila ya kuona aibu. Katika majlisi yetu ilikuwa aibu kubwa. Mzee jirani akimwona mtu mkono unaelekea upande ule, hamwachi.

"Ee, bwana anashuka kwenye basi! Mfungulieni mlango!"

Na mtu anaurudisha mkono mapajani, anaimba, anakatika, watu wanacheka.

Baada ya operesheni Ijumaa ziliendelea. Mjomba alikaa na rimoti mkononi, anawachagulia wengine, anawasahihisha kwa kidole. Alikuwa kama mpishi aliyefunga, anapikia watu na yeye haonji. Wimbo wake mwenyewe, ule aliokuwa akiufungia kila Ijumaa, hakuuchagua tena. Hakuna aliyethubutu kumwomba.

Wimbo huo ni wa watu wawili. Mmoja anaondoka kwa treni wakati wa theluji, na mwenziwe anabaki kwenye jukwaa la stesheni. Anayeondoka anaimba chini, maneno yake machache. Anayebaki ndiye anayepanda, kwa sababu treni inakwenda na yeye anataka asikike. Mwisho kuna neno moja refu la kuita, linakaa juu kule mpaka treni inapotea. Zamani Japani, mjomba aliimba ile ya juu, na yule kijana aliyekaa naye chumba kimoja akaimba ya chini. Mjomba akaja kuondoka kweli, mwenzake akabaki, lakini sauti walikuwa wameshazizoea hivyo, hawakubadilishana. Tangu hapo hawakuonana. Waliandikiana, wakapigiana simu, watoto wakazaliwa, wajukuu wakazaliwa.

Siku moja nilikuwa naosha kiyoyozi cha majlisi. Nilikuwa juu ya ngazi, kichwa nimekiingiza ndani, napiga brashi. Nyumba nilidhani haina mtu. Mimi siimbi mbele za watu. Chuoni, tulikosomea Kurani, tukisoma kasida za maulidi, mahali pangu palikuwa safu ya nyuma, na mwalimu akinitaka nije mbele, najificha nyuma ya wenzangu. Lakini kichwa kikiwa ndani ya bati unajisikia mwenyewe tu. Nikawa naimba ile sauti ya juu, maneno nisiyoyajua maana, kama nilivyokuwa nimeyasikia Ijumaa zote zile. Nikalifikia neno refu, nikaliita, na bati likaniitikia.

Niliposhuka, mjomba alikuwa amekaa kwenye takia, kofia ipo gotini.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini, mjomba?"

"Tangu lini unaye huyo mtu kooni?"

"Nilikuwa nacheza tu."

"Hukucheza. Panda juu, imba tena."

"Nshamaliza kukiosha, mjomba."

"Kioshe tena."

Nikapanda, nikatia kichwa ndani, nikaimba kwenye mashine safi, uso unaniwaka. Alipotosheka aliondoka. Nikasikia akipenga kamasi ukumbini.

Haukupita muda mrefu akapata habari kwamba yule rafiki yake anakuja. Naye pia alikuwa amestaafu, na watoto wake wamemkatia tiketi ya meli ya watalii inayozunguka nchi nyingi. Meli itatia nanga bandari ya Matrah asubuhi na kuondoka kabla ya Magharibi. Hawatakuwa na siku nyingine. Mjomba hakuwahi kumwambia mwenzake habari ya sauti. Alikuwa akimwandikia tu, na simu ikipigwa anasema ana mafua.

Aliniita, akanikalisha mbele yake.

"Nnataka aisikie," alisema. "Hatutaonana tena, sisi wazee. Nnataka aisikie ile sauti ya juu ndani ya nyumba yangu, kama ilivyokuwa. Mimi sinayo. Wewe unayo."

"Mjomba, mimi mbele za watu siwezi."

"Hawatakuwa watu. Atakuwa mgeni mmoja."

"Huyo mmoja ndiye mtu, mjomba."

Alinitazama tu, na kovu la shingoni likawa linapanda na kushuka kwa vile alivyokuwa anameza mate. Sikuwa na njia ya kukataa. Nakula kwake, nalala kwake, na hajawahi kuniomba kitu.

Tukaanza. Kila siku baada ya Magharibi, nikishaoga na kabla mgongo haujagusa godoro, nilikuwa naitwa majlisini. Alinifundisha kama tulivyofundishwa chuoni, yeye enzi zake na mimi zangu. Anausema mstari kwa ile sauti yake ya kukwaruza, mimi naurudisha. Nikikosea anagonga meza kwa kidole, tunaanza upya. Neno alilokuwa akilirudia kuliko yote ni "usikate." Chuoni ukikata pumzi katikati ya maneno unarudishwa nyuma, pumzi ina mahali pake, nako ni mwisho. Basi na huku nilikuwa najaza kifua kama mtu anayezamia, naushika mstari mpaka ukingoni, naukamata wa pili bila ya kulegeza, na lile neno la kuita nalimaliza macho yamefanya kiza. Mjomba alikuwa akinitikisia kichwa kwa furaha. Ndivyo alivyokuwa akiimba mwenyewe.

Kilichokuwa kinanishinda si pumzi, ni uso wa mtu. Mjomba akinitazama, sauti inarudi ndani kama kobe. Nikamwomba niimbe nikitazama ukuta. Akakubali, akasema hata Japani watu huimba wakitazama skrini, na skrini ni ukuta tu wenye picha.

Mzee jirani alikuja kusikiliza, akakaa na kahawa yake mpaka nikamaliza.

"Sauti ipo," akasema. "Lakini sheikh, huyu anaimba kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni."

"Atazoea," mjomba akasema.

"Lini? Meli inakaribia. Mtoe haya kwanza, nyimbo baadaye."

"Haya ikimtoka atabaki na nini?" Huyo alikuwa mkaza mjomba, mke wa mjomba wangu, alikuwa anapita na sinia. "Nyinyi haya zenu mlizipeleka wapi? Mwacheni alale. Anatoka juu ya mapaa tangu asubuhi, anakuja hapa mnampandisha paa jengine."

Alisema kweli, lakini sikulala. Wiki zile zilikuwa ndefu. Msimu wa baridi ukiingia ndipo maofisi yanapotaka viyoyozi visafishwe, kwa hiyo tulikuwa hapo hapo Khuwair, upande wa maofisi, kila siku, jengo baada ya jengo, tunapandisha pampu na mabomba ya maji kwa ngazi za nje. Nilikuwa naosha mashine huku midomo inakwenda peke yake. Mwenzangu wa kazi alinitazama, akaniuliza kama nasoma uradi. Nikamwambia ndiyo. Jioni nilikula nikiwa nimefumba macho. Kuna wakati nililala na tonge mkononi, na mkaza mjomba akanitoa tonge lile kidole kimoja kimoja, akanifunika pale pale. Hata usingizini nilikuwa nashika pumzi. Nikawa naamka kwa kukosa hewa.

Nilikuwa naomba moyoni meli ichelewe. Kisha namwona mjomba anapiga pasi kanzu yake mwenyewe, hataki mtu aiguse, na dua ile nairudisha.

Meli ilikuja Jumamosi. Tulikwenda Matrah asubuhi, tukasimama nje ya lango la bandari pamoja na madereva wa teksi waliokuwa wanagombania watalii. Mjomba alikuwa amejifukiza udi mpaka nikapata mafua. Watu wakatoka kwa makundi, kofia za jua, kamera, na katikati yao mzee mmoja mwembamba, mfupi, kofia imefungwa kwa uzi chini ya kidevu. Alisimama mbali kidogo akainama. Mjomba naye akainama, mkono mmoja umeshika kofia isianguke. Wakainuka, wakainama tena. Hawakukumbatiana. Walishikana mikono ya nguo, kama watu wanaotaka kuvuka barabara pamoja, na wakabaki wameshikana hivyo mpaka garini.

Mjomba alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza na ile sauti ikatoka, mgeni aligeuka akamtazama shingoni. Akageukia dirisha, akawa anatazama milima.

Nyumbani alivua viatu akavipanga vizuri, akampa mkaza mjomba boksi kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na vitumbua vidogo vya unga vilivyojazwa maharage matamu. Mkaza mjomba akaonja, akasema, "Haya si maharage ya sukari yetu? Mwambie kasahau nazi." Mjomba akamfasiria, na mgeni akainama kuomba radhi kwa ajili ya nazi. Tukala pilau na samaki. Mzee jirani alikuja, akamsalimia mgeni kwa kumwimbia nusu ya wimbo, mgeni akapiga makofi. Mimi wali ulikuwa unanizunguka mdomoni kama pamba.

Baada ya kuswali Adhuhuri, mjomba akawasha mashine. Akampa mgeni kipaza sauti kimoja, akanipa mimi cha pili. Alisema kwa Kijapani maneno machache, na mgeni akanitazama kwa mshangao, kisha akamtazama yeye. Muziki ukaanza.

Nilitazama skrini. Sauti ya chini ikaingia, nyembamba, ya kizee, lakini imetulia, na mahali pangu pakaja. Sikumbuki kama nilijiamini. Nadhani nilikuwa nimechoka mno hata haya haikupata pa kukaa. Nilijaza kifua, nikaingia, na sauti ikatoka yote. Mstari wa kwanza, wa pili, bila ya kukata. Nikapanda, nikafika, na ile ngazi isiyokuwepo nikaiona. Nikasikia kwamba upande wa pili hakuna mtu anayeimba. Mgeni alikuwa amenyamaza, kipaza sauti kimeshuka mpaka kifuani. Nikaendelea peke yangu. Nikaliita lile neno, nikalishika mpaka masikio yakavuma, na muziki ukaisha nimeegemea ukuta.

Mgeni alisema kitu. Akasema tena kitu kingine, kirefu. Mjomba hakufasiri.

"Kasemaje?" mzee jirani akauliza.

"Anasema kijana ana sauti nzuri."

"Hilo ni neno la mgeni, kila mgeni analisema. La pili kasemaje? La pili lilikuwa refu."

Mjomba alikuwa anatazama zulia. "Anasema kanisikia mimi. Ni mimi yule yule, wa chumbani kwetu."

"Alhamdulillahi! Si ndivyo ulivyotaka?"

"Ndivyo. Kisha anauliza, nani kamfundisha asipumue."

Hatukuelewa. Mgeni mwenyewe akatuonyesha. Akashika kipaza sauti, akaimba mstari ule wa juu kwa sauti yake mbovu, taratibu, na katikati ya mstari, kabla neno halijamalizika, akavuta pumzi kwa nguvu, hewa ikasikika, *hh*, kisha akaendelea. Mbele kidogo akavuta tena. Mjomba akafasiri, sasa bila ya kuulizwa, polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Yule mtu wa stesheni analia. Mtu anayelia hukatika. Pumzi ile ya katikati ndiyo inayowatoa watu machozi huko kwao, kila anayeuimba wimbo ule huivuta pale pale. Ni mjomba peke yake, mwanafunzi wa kutoka Uarabuni, aliyekuwa akiuimba moja kwa moja mpaka mwisho, na wenzake wote wakiacha vikombe vyao, wanamtazama, wanaogopa ataanguka.

Mjomba akamuuliza kitu kwa Kijapani, kwa ukali kidogo. Mgeni akajibu kwa kuinama.

"Nimemuuliza kwa nini hawakuniambia. Anasema walidhani ndivyo waimbavyo watu wa kwetu. Waliona si adabu."

Mzee jirani alianza kwa mabega, kisha tumbo, kisha akaangua kicheko mpaka kahawa ikamwagika.

"Miaka yote hii! Na sisi ukatufundisha kuzama! Kumbe presha yangu si ya chumvi, ni ya wimbo wako!"

Mimi sikujua nicheke au nitoke. Mjomba alikuwa hacheki. Nilimwona kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyoihama zamani haikuwa yake. Alikuwa amefanya kazi kubwa kuirudisha sauti ile ndani ya majlisi, na imerudi kweli, na makosa yake yote.

Mgeni akamnyooshea kipaza sauti.

Mjomba akatikisa kichwa. Akaonyesha kovu. Akasema, na hata mimi nisiyejua lugha nilielewa kwamba sasa anasema kweli, yale mafua hayakuwa mafua. Mgeni akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa sentensi fupi.

"Anasemaje?" Safari hii niliuliza mimi.

"Anasema yule wa zamani bado anamkumbuka, hakupanda meli kuja kumsikia yule."

Mgeni hakungoja. Alijikongoja mpaka kwenye mashine, akakitafuta kitufe cha kushusha, akakibonyeza, akakibonyeza tena, na tena. Mzee jirani alifungua mdomo. Akamtazama mjomba. Akaufunga, akainamia kikombe chake kama kuna kitu kimeanguka ndani.

Muziki ulipoanza ulikuwa mzito, wa chini, sikuutambua. Nikampa mjomba kipaza sauti changu, nikakaa chini. Aliikosa nafasi ya kuingia. Mgeni akaurudisha mwanzo. Mjomba akaingia, sauti ikakatika neno la pili, akavuta hewa, akaendelea, ikakatika tena, akavuta. Hakuwa na hiari. Pumzi zilikuwa zinamtoka popote, pengine pale zilipotakiwa, pengine sipo. Haikuwa nzuri. Sitaki kusema uongo. Lilipokuja lile neno la kuita alilisema tu, kama mtu anavyomwita mwenziwe aliye chumba cha pili. Mgeni akalipokea yeye, kwa sauti nyembamba ya kichwani, akalivunja vipande vipande, na wote wawili wakasimama wanakohoa na kucheka.

Kisha wakaurudisha mwanzo.

Kuanzia hapo sina habari. Niliegemeza kichwa kwenye takia kwa nia ya kupumzisha shingo. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi hapakuwa na kitu nilichotakiwa kukishika.

Nilipofumbua macho majlisi ilikuwa tupu na mimi nimefunikwa shuka. Mkaza mjomba alikuwa anakusanya vikombe. Niliruka nikauliza habari ya meli.

"Kaa," akasema. "Washakwenda bandarini. Mjomba wako kaendesha mwenyewe. Kasema ole wake atakayekuamsha."

"Aliumaliza ule wimbo?"

"Ule wimbo? Kila wakiumaliza wanauanza. Mimi huko jikoni nilidhani mnahamisha makabati."

"Na mgeni alifurahi?"

"Mgeni kala halwa yote. Inuka ukaswali, Alasiri inakupita."

Mjomba alirudi wakati wa Magharibi. Aliingia, akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni ya mlango, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nilimsalimia. Akafungua mdomo na hapakutoka kitu, hata ule mkwaruzo. Akaashiria kwa mkono, chai. Mkaza mjomba akasema nyumba haijapata kutulia namna hiyo tangu aolewe, na laiti angejua, angemwita huyo Mjapani zamani.

Asubuhi ya Jumapili, kabla sijakwenda kazini, nilimkuta mezani anachovya mkate kwenye chai. Bado alikuwa hawezi kusema. Nilimuuliza kama koo linamuuma. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo, linauma sana, na huku anatafuna, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka karamuni. Nje gari ya kazi ilikuwa inapiga honi. Nikabeba ngazi yangu, bado nina usingizi.